Gunia likamatwe, hesabu ibaki huru

Agosti 11, 1975, inspekta wa polisi aliingia katika maghala ya kampuni moja huko Andhra Pradesh, kusini mwa India. Kampuni hiyo ilikuwa na leseni ya kuuza nafaka na mbolea. Inspekta alipomaliza kazi yake alikuwa amekamata shehena kubwa ya mbolea, shehena ya nafaka, na hata bidhaa ambazo hazikuwamo kabisa katika orodha ya bidhaa zinazodhibitiwa. Mwishoni mwa mwezi ofisa wa wilaya akatoa agizo ambalo kwenye karatasi halikuwa na kasoro: ofisa kilimo msaidizi achukue mbolea awagawie wakulima wenye shida, ofisa wa tarafa achukue nafaka aiuze mara moja, na fedha ziwekwe hazina.

Ofisa kilimo hakufanya lolote. Mwenye mali aliandika maombi akionya kwamba mbolea itaharibika, akataja hata sehemu ambako ilikuwa ikihitajika sana. Hakuna agizo lililotoka. Shauri la ukamataji huo lilipokwisha akaambiwa aende akachukue vitu vyake. Alipofika ghalani alikuta mbolea imepungua, na iliyobaki haifai shambani. Akakataa kuipokea, akadai thamani yake. Mahakama ya kwanza ikampa haki, Mahakama Kuu ya jimbo ikamnyang'anya, na Mahakama ya Juu ya India ikamrudishia mwaka 1994. Tangu kufuli la kwanza lifungwe ilikuwa imepita miaka 19.

Kisa hiki ni cha mbolea, lakini sheria iliyotumika ni ileile inayotumika kwa ngano, mchele na dengu: Sheria ya Bidhaa Muhimu ya mwaka 1955. Ni sheria inayostahili kusomwa hata na watu ambao hawajawahi kukanyaga Delhi, kwa sababu imejaribu kwa maandishi, kifungu baada ya kifungu, kujibu swali ambalo serikali nyingi hupenda kulijibu kwa tamko la jukwaani. Dola ikishachukua nafaka ya mtu kwa jina la walaji, hakimu abakiwe na uwezo gani?

Kwa Mswahili swali hilo si la ugenini. Kulikuwa na wakati ambapo rufaa kutoka mahakama ya kibalozi ya Uingereza iliyokuwa Zanzibar zilisikilizwa Bombay. Tanganyika ilitumia Sheria ya Ushahidi ya India ya 1872 mpaka Tanzania ilipotunga yake mwaka 1967, na mawakili wa Dar es Salaam bado husimama mbele ya majaji wakinukuu hukumu za India bila kuona haya. Udhibiti wa nafaka nao una ukoo mmoja pande zote mbili za bahari. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni ya Kenya ilianzisha udhibiti wa mahindi mwaka 1942. Mwaka uliofuata Bengal ikaangamizwa na njaa ambayo wanahistoria wengi huikadiria iliua watu wapatao milioni tatu, huku mchele ukiwa ghalani kwa walionao na bei ikiwa juu ya uwezo wa wasionao. Huko India kanuni za vita zikawa sheria ya muda ya 1946, na sheria ya muda ikawa ya kudumu mwaka 1955. Kenya nayo iliendelea kumdai mfanyabiashara kibali cha kusafirisha mahindi kutoka wilaya moja hadi nyingine mpaka soko lilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Sheria iliyozaliwa na vifo vya namna hiyo haiwezi kuwa laini. Na isiwe laini.

Mwaka 1966 Bunge la India liliongeza vifungu vya kutaifisha. Mamlaka yakawekwa mikononi mwa Kolekta, ofisa ambaye hapa Tanzania kiti chake kingekaa mahali fulani kati ya mkuu wa wilaya na katibu tawala. Ofisa wa chini akikamata nafaka kwa sababu amri ya udhibiti imevunjwa, hupeleka taarifa kwa Kolekta bila kuchelewa. Kolekta akiridhika kwamba amri kweli imevunjwa, anaweza kuitaifisha nafaka, vifungashio vyake, na chombo kilichoibeba, iwe lori, jahazi au mnyama. Haijalishi kama mwenye mali amefunguliwa kesi ya jinai au hajafunguliwa. Hizo ni njia mbili zinazokwenda sambamba, na adhabu ya njia moja haifuti ya nyingine.

Humo ndani kuna jambo moja ambalo mwandishi wa sheria anastahili kupewa mkono kwa ajili yake. Mkulima aliyekamatwa na nafaka aliyoilima mwenyewe hawezi kutaifishiwa nafaka hiyo chini ya kifungu hicho. Anaweza kushitakiwa, anaweza kutozwa faini, lakini jasho lake halibebwi. Mlanguzi aliyenunua magunia kwa wenzake akayafungia yangoje bei ipande hana kinga hiyo. Ni tofauti ambayo kila mtu kijijini anaielewa bila kuelezwa, na ambayo maagizo mengi ya kuzuia nafaka huisahau.

Kabla ya kutaifisha, Kolekta lazima ampe mwenye mali taarifa ya maandishi yenye sababu, ampe nafasi ya kujibu kwa maandishi na nafasi ya kusikilizwa. Akishaamua, aliyeumia ana mwezi mmoja tangu apewe uamuzi wa kukata rufaa kwa mamlaka ya kimahakama iliyoteuliwa na serikali ya jimbo, ambayo kwa kawaida huwa ni jaji wa wilaya. Hapo ndipo mipaka inapoanza kuonekana.

Sheria inampa jaji wa rufaa vitenzi vitatu: kuthibitisha, kubadili, kufuta. Kitenzi cha nne ambacho mawakili wote wanakijua, kurudisha shauri chini likasikilizwe upya, hakimo. Msomaji anaweza kuona ni uzembe wa mwandishi wa sheria. Safu hii inaona ni busara, hata kama haikukusudiwa. Shauri la nafaka likirudishwa kwa Kolekta, Kolekta ataita upya, mwenye mali ataomba siku, mwanasheria wa serikali ataugua, na muda wote huo kuna mdudu ghalani. Mkulima wa Tabora anamjua dumuzi, yule aliyeingia nchini kutoka Amerika ya Kati na kupachikwa jina la Scania. Mdudu huyo hasomi hati ya wito. Jaji aliye na jalada kamili mbele yake na uwezo wa kubadili uamuzi anaweza kuumaliza ugomvi siku hiyohiyo. Amalize.

Mpaka wa pili uko kwenye taarifa. Sheria inasema kutaifisha hakutafutwa kwa sababu tu taarifa ilikuwa na kasoro, mradi mwenye mali amepewa kwa kiasi cha kutosha kile alichostahili kukijua. Kwa hiyo wakili anayekuja na rufaa yenye hoja moja, kwamba namba ya leseni imekosewa tarakimu, atarudi nyumbani mikono mitupu. Sawasawa kabisa. Njaa haiwezi kuahirishwa kwa sababu ya karani aliyekosea kupiga chapa.

Mpaka wa tatu ndio mkali. Mwaka 1976, India ikiwa bado ndani ya hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya Indira Gandhi, Bunge liliingiza kifungu kinachosema kwamba nafaka ikishakamatwa na kusubiri uamuzi, Kolekta na yule anayesikiliza rufaa ndio pekee wenye mamlaka juu ya wapi ikae, nani apewe, iuzwe au igawiwe vipi. Mahakama nyingine yoyote, hata kama sheria nyingine inairuhusu, imefungiwa mlango. Hakimu wa jinai aliyezoea kumrudishia mtu mali yake kwa dhamana mpaka kesi iishe hawezi tena kufanya hivyo kwa gunia la ngano wala kwa lori lililolibeba. Mahakama ya Juu imelirudia jambo hilo zaidi ya mara moja katika miongo iliyofuata.

Kwa tarehe yake na kwa hali iliyokuwapo, mtu angetegemea kifungu hicho kiwe cha kulaaniwa. Hata hivyo kina akili. Dhamana imebuniwa kwa vitu vinavyobaki kuwa vitu. Ng'ombe akirudishwa kwa dhamana, baada ya mwaka bado ni ng'ombe yule, na pikipiki bado ina namba ya injini. Magunia mia tatu ya mchele yakirudishwa kwa mlanguzi Ijumaa jioni, Jumatatu yameshapita kwenye sufuria za watu kwa bei ileile ya kulangua iliyosababisha yakamatwe, na dhamana aliyoweka inageuka kuwa gharama nyingine ya biashara. Mahakama ingekuwa imeubariki ulanguzi kwa muhuri.

Badala ya kumrudishia mwenyewe, sheria inamwelekeza Kolekta auze. Kama bidhaa huharibika upesi, au kama masilahi ya umma yanadai hivyo, anaweza kuamuru iuzwe kwa bei iliyodhibitiwa au kwa mnada wa hadhara. Na kama ni nafaka, anaweza kuipeleka kwenye maduka ya bei ya serikali ili mlaji wa kawaida aipate. Fedha zinabaki zikingoja mshindi. Mpango huo unageuza kitu kinachooza kuwa kitu kisichooza. Ni kwa sababu hiyo safu hii inasema mahakama ikizuiwa kuligusa gunia haijaonewa. Mlaji anakula leo, na haki ya mwenye mali inahamia kwenye hesabu.

Lakini hapo ndipo makubaliano yanapoishia. Dola ikishasema gunia si la hakimu, haina tena uso wa kusema na hesabu si yake.

India ililijaribu hilo pia. Sheria ya muda ya mwaka 1981, iliyoanza kazi Septemba 1982 na kuongezewa umri hadi ikadumu takriban miaka 15, ilimwondoa jaji kwenye rufaa hizi na kumweka mtu mwingine: serikali ya jimbo yenyewe. Kolekta, mtumishi wa serikali, anataifisha. Mwenye mali akilalamika, analalamika kwa mwajiri wa Kolekta. Waswahili wana usemi wa kesi ya ngedere kupelekwa kwa nyani, na hakuna sababu ya kutafuta mwingine.

Kilichofanya mabadiliko hayo yawe machungu zaidi ni kwamba miaka michache tu kabla yake Mahakama ya Juu ilikuwa imelinyoosha jambo. Katika kesi iliyotoka Madhya Pradesh na kuripotiwa mwaka 1978, iliulizwa kama jaji wa wilaya anaposikiliza rufaa ya nafaka anakuwa mahakama, au ni mtu tu aliyeteuliwa kwa kazi maalumu. Swali linaonekana la kiwakili, lakini jibu lake lilikuwa na thamani ya magunia mengi. Kama ni mtu aliyeteuliwa, uamuzi wake hauna wa kuuangalia zaidi. Kama ni mahakama, basi iko chini ya Mahakama Kuu, na Mahakama Kuu inaweza kuliita jalada kwa marejeo na kurekebisha kosa. Jaji D. A. Desai na wenzake wakasema ni mahakama. Mlango wa juu ukabaki wazi. Na tazama kejeli yake: aliyetaka mlango huo safari ile hakuwa mfanyabiashara, ilikuwa serikali ya jimbo, ambayo haikuridhika na alichoamua jaji wa wilaya. Serikali nazo hupenda rufaa zinapokuwa zimeshindwa.

Sheria ya muda ilipokufa katika miaka ya 1990, majaji walirudi kwenye viti vyao. Hakuna njaa iliyofuata kwa sababu ya kurudi kwao.

Tuje kwenye hesabu yenyewe. Rufaa ikifuta au kubadili uamuzi wa Kolekta, au mwenye mali akishinda kesi ya jinai, na nafaka haiwezi kurudishwa kwa sababu yoyote ile, sheria inasema alipwe bei yake kana kwamba aliiuza kwa serikali, pamoja na riba ya haki inayohesabiwa tangu siku ya kukamatwa. Riba inaanza siku ya kufuli, haingoji siku ya hukumu. Mbunge yeyote wa Dodoma au Nairobi anaweza kukiiga kifungu hicho bila kuongeza nukta.

Tatizo limejificha ndani ya maneno "kana kwamba aliiuza kwa serikali". Bei ambayo serikali ya India hununulia nafaka kwa lazima haitoki sokoni. Inapangwa kwa kuangalia bei iliyodhibitiwa kama ipo, hali ya mavuno, haja ya kuwauzia walaji, hasa wanyonge, kwa bei wanayoimudu, na mapendekezo ya tume ya bei za kilimo. Vigezo hivyo vinafaa kwa mtu anayeuza kwa serikali kwa sababu amri halali inamtaka auze. Vinafaa kiasi gani kwa mtu ambaye mahakama imeshasema hakukosa? Yeye alinyang'anywa na akaonekana hana hatia, kisha analipwa kana kwamba alikuwa mchangiaji wa hiari katika ghala la taifa. Jaji wa rufaa anayajua hayo, lakini kipimo kimeshachongwa na Bunge na yeye amepewa kukisoma tu. Mpaka huu hauna utetezi. Aliyetaifishiwa kimakosa angepaswa kulipwa bei ya soko halali ya siku ile ya kukamatwa, na hakimu ndiye aitafute, kwa ushahidi, kama anavyotafuta thamani ya nyumba iliyobomolewa.

Na kama mali imeoza mikononi mwa serikali? Hapa ndipo kampuni ya Andhra Pradesh inaporudi. Serikali ya jimbo ilikuwa na silaha moja kubwa, hukumu iliyoripotiwa mwaka 1965, iliyohusu dhahabu. Mfanyabiashara alikamatwa na polisi mjini Meerut mwaka 1947, dhahabu yake ikawekwa kituoni, na konstebo mkuu aliyekabidhiwa akatoroka nayo kwenda Pakistan. Mahakama ya Juu ilisema dola haidaiwi, kwa kuwa polisi walikuwa wakitekeleza mamlaka ya kidola. Mahakama Kuu ilipoikataa fidia ya mbolea ilikuwa inaifuata njia hiyo.

Jaji R. M. Sahai aliyeandika hukumu ya 1994 hakukubali. Alichosema, kwa ufupi, ni kwamba sheria inayompa ofisa uwezo wa kuchukua mali inambebesha pia wajibu wa kuitunza, na ofisa akizembea, serikali italipa kama anavyolipa mwajiri mwingine yeyote. Akagusa pia jambo ambalo majaji wa rufaa wanapaswa kulibandika ukutani: sheria inasema Kolekta "anaweza" kutaifisha, haisemi "lazima". Muuzaji aliyesahau kubandika bei dukani, au ambaye daftari lake limepishana kidogo na magunia yaliyopo, si wa kuwekwa kapu moja na mlanguzi au mchanganya mchanga. Kitenzi "kubadili" kinapata uzito wake hapo. Jaji anaweza kusema kosa lipo, lakini ghala zima ni adhabu kubwa mno.

Mantiki hiyohiyo iko kwenye malori. Mwenye lori la kukodi ana hiari ya kulipa faini badala ya kutaifishiwa chombo, na faini hiyo haiwezi kuzidi bei ya soko, siku ya kukamatwa, ya nafaka iliyokuwa inabebwa. Tuseme dereva na utingo wake wamepakia magunia arobaini bila kibali ndani ya lori la tani thelathini. Kinachopimwa ni magunia arobaini. Na mwenye lori akithibitisha kwamba hakujua, wala wakala wake wala dereva hawakujua, na kwamba wote walichukua tahadhari ya kutosha, chombo hakitaifishwi kabisa.

Sasa tuangalie kwetu.

Machi 1983 Tanzania ilianza msako dhidi ya wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine. Maduka yalikuwa matupu, sukari na unga vilipatikana kwa mlango wa nyuma, na wananchi wengi waliupokea msako kwa shangwe. Watu walitupa bidhaa barabarani na baharini usiku kwa hofu ya kukutwa nazo. Sheria ilikuja nyuma ya msako, ikapewa nguvu ya kurudi nyuma iufunike. Ilianzisha baraza maalumu la kusikiliza mashauri hayo. Mawakili hawakuruhusiwa, dhamana haikuruhusiwa, na uamuzi wa baraza haukukatiwa rufaa katika mahakama yoyote. Kwa maneno mengine, gunia lilikamatwa na hesabu ikakamatwa pamoja nalo.

Mfumo huo haukumaliza miaka miwili. Mwaka 1984 sheria nyingine ya makosa ya uhujumu uchumi iliifuta ile ya kwanza na kuyarudisha mashauri Mahakama Kuu, na mwaka huohuo Tanzania ikaingiza haki za binadamu katika Katiba yake, ikiwamo haki ya kukata rufaa na ya mtu kutonyang'anywa mali bila fidia inayostahili. Wapo wanaomkumbuka Sokoine kwa mapenzi makubwa, na wana sababu. Uadilifu wake haukuwahi kutiliwa shaka. Lakini uadilifu wa kiongozi hauwezi kusimama badala ya rufaa ya muuza duka wa Kigoma aliyekutwa na katoni alizozinunua kwa risiti.

Miaka 34 baada ya msako ule, Juni 2017, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kwamba mahindi yatakayokamatwa yakivushwa nje ya nchi yatapelekwa kwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, na malori yatabaki polisi. Lengo lilieleweka. Ukanda mzima ulikuwa umetoka kwenye ukame, Kenya ilikuwa inagombania unga, na bei ilikuwa inavuta mahindi kuelekea mipakani, Namanga na Holili. Lakini tamko la jukwaani halina kifungu cha rufaa. Mwenye lori aliyetaka kujua amwendee nani, ndani ya siku ngapi, na kama mahindi yake yameshaingia ghala la taifa atalipwa bei ya siku ipi, hakuwa na ukurasa wa kuufungua. Mkulima aliyepakia mahindi ya shamba lake mwenyewe alihesabiwa sawa na mchuuzi aliyezunguka vijijini akinunua yakiwa bado shambani.

Wapo wasomaji watakaosema rufaa ni starehe ya wenye fedha, kwamba mlanguzi mkubwa ndiye mwenye wakili na mnyonge hana. Ni kweli kwa nusu yake. Mlanguzi mkubwa hana shida sana na sheria isiyo na rufaa, kwa sababu yeye hupiga simu kabla lori halijafika kizuizini. Asiye na simu ya kupiga ndiye anayehitaji karatasi yenye kifungu. Ndiye pia anayehitaji mwezi mmoja wa kukata rufaa uwe mwezi kweli, na jaji aliye wilayani badala ya tume iliyo makao makuu.

Wengine watasema zama za udhibiti zimepita. Wawaulize wafanyabiashara wa ngano wa India. Mwaka 2020 serikali ya Narendra Modi iliibana sheria ya 1955 ili ukomo wa akiba uwekwe kwa nadra tu. Wakulima waliizingira Delhi kwa zaidi ya mwaka wakipinga mabadiliko hayo na sheria nyingine mbili zilizoambatana nayo, na mwishoni mwa 2021 zote tatu zikafutwa. Juni 2023 serikali hiyohiyo ikaweka ukomo wa akiba ya ngano kwa mara ya kwanza tangu 2008: tani 3,000 kwa mfanyabiashara wa jumla, tani 10 kwa duka la rejareja. Mvua zikienda kombo, kila serikali hukumbuka ghala la jirani.

Itatokea hapa pia, iwe kwa mahindi, mchele au maharage. Ndiyo maana wabunge na wanasheria wa serikali wanaombwa wasingoje mwaka wa ukame ndipo waanze kuandika. Kanuni yoyote ya kuzuia au kukamata nafaka imtenge mkulima na mlanguzi, itaje mahakama ya rufaa kwa jina lake, iruhusu nafaka iuzwe upesi kwa walaji, na imwachie jaji uhuru wote juu ya fedha: bei ya soko ya siku ya kukamatwa, riba tangu siku hiyo, na fidia kwa kilichoozea mikononi mwa ofisa. Bunge la bajeti hukaa Dodoma kuanzia Aprili hadi Juni, wakati uleule ambapo mahindi mapya ya Nyanda za Juu Kusini yanaanza kupanda malori.